Fardhi Kifaya na Kipimo cha Siki



Baada ya darsa, dada mmoja wa Palma aliniuliza: mama yake ameitwa kupimwa saratani ya shingo ya kizazi, lakini haumwi popote. Je, yafaa ajifunue? Nilimwahidi jibu, na jibu lenyewe likanigeuzia swali.

Kwanza tukifahamu kipimo. Saratani hii husababishwa na virusi vya HPV, hujijenga miaka mingi bila maumivu, na Msumbiji ni miongoni mwa nchi zinazoumizwa nayo zaidi duniani. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake waanze kupimwa wakiwa na miaka 30, na wanaoishi na VVU miaka 25, kwani hatari kwao ni kama mara 6. Kipimo hakihitaji maabara. Muuguzi hupaka siki nyepesi kwenye shingo ya kizazi, husubiri dakika moja hivi, kisha hutazama. Penye hitilafu hugeuka peupe, na mara nyingi huweza kutibiwa siku hiyohiyo, kabla haijawa saratani.

Sasa hukumu. Wanazuoni wameruhusu kufunua uchi kwa tabibu panapo haja, kwa kiasi kinachohitajika tu, na mwanamke hutangulizwa kumtibu mwanamke. Kutoumwa si kizuizi: Umar bin Khattab (r.a.) alipopata habari ya tauni ya Sham alirudi na watu wake, hakungoja waugue kwanza. Basi mama apimwe.

Lakini huyo mwanamke wa kutangulizwa yuko wapi? Pwani yetu, kuanzia Palma na Mocímboa da Praia hadi visiwa vya Quirimba, kipimo hiki ni kazi ya muuguzi wa afya ya mama na mtoto. Ni huyohuyo anayezalisha, anayepima wajawazito na kutoa uzazi wa mpango. Akiingia mwenye uchungu, siki huwekwa kando na waliopanga foleni hurudi makwao. Tangu mashambulizi yaanze Oktoba 2017, vituo vimechomwa na wahudumu wamekimbia pamoja na wananchi.

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, katika Ihyaa aliuhesabu utabibu kuwa fardhi kifaya, akawalaumu watu wa zama zake waliojazana kwenye fiqhi huku miji mingine haina tabibu Muislamu hata mmoja. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, kwa hiyo nalijua kundi ninalohesabiwa.

Rufaida al-Aslamiyya alikuwa na hema la majeruhi msikitini Madina, na Saad bin Muadh alipojeruhiwa vita vya Khandaq alipelekwa huko. Hata hivyo nasikia wazazi wakisema uuguzi, kwa zamu zake za usiku, si kazi ya binti wa Kiislamu. Wazazi haohao hukataa wake zao wasiguswe na tabibu mwanamume. Sijui binti wa nani wanamngoja.

Yule dada nimeshampa jibu. Mama yake atapimwa, inshaallah, siku muuguzi akiwepo.