Presha na Moyo Uliotanuka: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulihusu wagonjwa 1,006 ambao mioyo yao ilikuwa imeshindwa kazi, katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Kisababishi kilichoongoza ni presha. Hao ni watu ambao bado wanasomesha watoto, kwa hiyo yafuatayo yashikwe yote.

Elewa presha imeufanya nini moyo wako. Chumba cha chini cha kushoto ndicho kinachosukuma damu kwenda mwilini. Presha ikiwa juu, chumba hicho hukaza nguvu kila pigo, usiku na mchana, na ukuta wake hunenepa kama misuli ya mpagazi. Unene huo ni ugonjwa. Ukuta hukakamaa, damu haiingii vizuri, hurundikana nyuma hadi kwenye mapafu, nawe unakosa pumzi ukilala chali. Kwa wengine ukuta huo hatimaye huchoka na chumba hutanuka. Moyo wenye afya hutoa zaidi ya nusu ya damu iliyomo chumbani kila unapodunda; uliochoka unaweza kutoa chini ya asilimia 40. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, huonyesha hayo. Ukitajiwa, usikiahirishe.

Usiache dawa eti presha imeshuka. Hili linaua. Moyo uliodhoofu unaweza kukosa hata nguvu ya kuipandisha presha, hivyo namba inayokufurahisha huenda inatoka kwenye moyo unaozidiwa. Pakiti iliyoandikwa enalapril au carvedilol hupewa hata mgonjwa ambaye presha yake ni ya kawaida, kwa sababu dawa hizo huukinga moyo na homoni zinazozidi kuuharibu. Ukipata kizunguzungu, mweleze daktari. Usijipunguzie dozi, wala usibadilishe vidonge kwa maji ya kitunguu saumu au mlonge.

Usinunue diclofenac wala ibuprofen kwa ajili ya mgongo au magoti. Huzifanya figo zing'ang'anie chumvi na maji. Mwambie muuzaji wa dawa: nina ugonjwa wa moyo.

Usitie magadi kwenye maharage wala mlenda. Magadi yana sodiamu, ileile iliyo kwenye chumvi. Ng'onda na dagaa wa chumvi, acha. Chumvi yote ya siku isifike kijiko cha chai kilichojaa, pamoja na iliyomo kwenye mkate. Chumvi mbadala yenye potasiamu usiiguse bila idhini ya daktari: potasiamu ikizidi, moyo unaweza kusimama.

Jipime uzito kila asubuhi, ukishakojoa, kabla hujala. Andika. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, hayo ni maji. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mama unayetumia enalapril, usibebe mimba kabla ya kuzungumza na daktari. Hudhuru mtoto tumboni.

Sigara, acha.

Nanyi mnaoishi na mgonjwa, msimtengee sufuria yake. Punguzeni chumvi kwenye sufuria ya wote. Presha huanza bila dalili, na huenda mwingine humo ndani anayo na hajui. Wiki hii nendeni mkapimwe, watu wazima wote wa nyumba.