Dondoo Muhimu: Daktari wa Mbwa na Hesabu Yake

Mkazi wa Gakindu, nchini Kenya, atakaye kumwita daktari wa mifugo, kabla hajamfunga mbwa wake kamba, na amtake mgeni huyo aonyeshe leseni ya mwaka huu ya Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kwa kuwa sheria ya mwaka 2011 imemkataza asiyesajiliwa kufanya kazi hiyo, hata awe hodari wa maneno na mkoba wake umejaa chupa.

Bei iulizwe mapema: dawa mbali, ujira mbali, nauli ya pikipiki mbali. Na kwa kuwa nauli aghalabu ndiyo izidishayo hesabu, ni afadhali majirani wa eneo moja waafikiane siku moja, mbwa na paka wote wadungwe chanjo ya kichaa cha mbwa kwa safari ile ile. Tazameni chanjo imetolewa wapi: iliyokaa mfukoni bila barafu huenda imekwisha kuharibika, nanyi mkalipia maji matupu.

Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ulizeni ofisi ya mifugo ya kaunti kama kuna chanjo ya bure.