Taa za Mbele Zinapogoma: Tuanzie Wapi?

Gari lenye taa moja usiku hudhaniwa kuwa pikipiki. Dereva anayekuja mbele huliachia nafasi ndogo, nalo linahitaji kubwa, ndipo hugongana. Kwa hiyo tunawasihi wenye magari ya zamani wafuate utaratibu huu kabla jua halijatua.

Kwanza, hesabuni taa zilizozimika. Ikiwa ni moja, kagueni balbu yake na fyuzi yake. Zikizimika zote mbili kwa pamoja, chanzo aghalabu ni swichi, rilei au fyuzi ya pamoja.

Pili, taa ikiwaka kwa unyonge ilhali betri ni nzima, chunguzeni waya wa athi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Kutu ikikaa kati yake na bodi, umeme hukosa njia. Zimeni taa, fungueni boliti, sugueni hadi chuma king'ae, kisha kazeni.

Tatu, fyuzi mpya ikiungua papo hapo, msiweke kubwa zaidi, wala msiiunge kwa waya au karatasi ya sigara. Balbu ya wati 55 kwenye umeme wa volti 12 huvuta takriban ampea 5 tu. Fyuzi inayoungua huonya kwamba pengine waya umechubuka na kugusa bodi. Tukiinyamazisha, waya wenyewe ndio utakaoungua, na gari pamoja nao.

Hitilafu isipopatikana, gari lilale. Mzigo utavuka mpaka kesho. Uhai hauna vipuri.