Mshairi au Mwimbaji? Upokezi wa Muziki wa Patti Smith Miongoni mwa Mashabiki Wake

Ikisiri

Makala hii inachunguza sababu za mashabiki wa Patti Smith, mshairi na mwanamuziki mkongwe wa panki wa Marekani, kutofautiana katika kuipima kazi yake. Inadaiwa hapa kwamba sehemu kubwa ya tofauti hizo inatokana na utanzu ambamo kila kundi la mashabiki humweka msanii huyu. Hata hivyo, hoja ya utanzu ina mpaka wake, na mpaka huo unadhihirika pale mzozo unapohusu maana ya neno moja.

1.0 Utangulizi

Mashabiki wa msanii mmoja wanapotofautiana, ni desturi ya wahakiki kuumaliza mjadala kwa kusema kuwa kila mtu ana ladha yake. Jibu hilo ni jepesi mno. Linachukulia kwamba mashabiki wote wanasikiliza kitu kimoja, kisha wanakipenda au kukichukia kwa viwango mbalimbali. Katika kazi ya msanii anayesimama kati ya tanzu mbili, dhana hiyo haina msingi.

Patti Smith alizaliwa Chicago tarehe 30 Desemba 1946. Alijulikana kama mshairi kabla ya kujulikana kama mwanamuziki. Tarehe 10 Februari 1971 alisoma mashairi yake katika kanisa la St. Mark's jijini New York, na katika usomaji huo alisindikizwa na gitaa la Lenny Kaye. Diwani zake Seventh Heaven na Witt zilitoka mwaka 1972 na 1973. Albamu yake ya kwanza, Horses, iliyosimamiwa studioni na John Cale, ilitoka mwezi Novemba 1975 na huhesabiwa miongoni mwa kazi zilizoifungulia njia harakati ya panki. Kwa hiyo, tangu mwanzo hadhira yake ilikuwa na wasomaji wa ushairi waliomfuata katika muziki, na wapenzi wa roki ambao hawakuwahi kuzifungua diwani zake.

Mjadala unaofuata unaongozwa na dhana ya upeo wa matarajio, iliyotumiwa na Hans Robert Jauss kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa mujibu wa dhana hii, mpokeaji huikabili kazi ya sanaa akiwa tayari na matarajio yaliyojengwa na kazi nyingine za utanzu ule ule. Kazi ile ile ikikabiliwa kwa matarajio mawili tofauti, hutoa hukumu mbili tofauti, na hakuna haja ya kudhani kuwa mmoja wa wahukumu ni kiziwi.

2.0 Matarajio Matatu

Maoni ya mashabiki wa Patti Smith yanaweza kugawanywa katika makundi matatu. Mgawanyo huu ni wa kiuchambuzi tu, kwani shabiki mmoja aweza kuhama kutoka kundi moja hadi jingine hata katika onyesho moja.

Kundi la kwanza humpokea kama mshairi. Kwa kundi hili, muziki ni chombo cha kulibeba neno, na sauti yake yenye mikwaruzo huhesabiwa kuwa sehemu ya maana. Kundi la pili humpokea kama kiongozi wa bendi ya roki. Hili hutazamia mdundo, kiitikio na nguvu ya magitaa. Maneno huthaminiwa yanapoongeza nguvu hiyo na hulaumiwa yanapoichelewesha. Kundi la tatu humpokea kama shahidi, yaani mtu aliyewaona wenzake wakifa, akabaki kuwataja majina. Kundi hili lilikua hasa baada ya mwaka 1996, na likapanuka zaidi mwaka 2010 kilipotoka kitabu chake Just Kids, kinachosimulia maisha yake ya ujanani pamoja na mpigapicha Robert Mapplethorpe. Kitabu hicho kilipata Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani, na kilimletea msanii huyu wapenzi waliomjua kwanza kwa nathari yake.

3.0 Kazi Moja, Hukumu Mbalimbali

Mfano wa kwanza ni "Birdland", utungo wa zaidi ya dakika tisa katika Horses. Chanzo chake ni kumbukumbu za Peter Reich kuhusu kifo cha baba yake, na sehemu kubwa ya utungo ilikua kwa ubunaji wa papo kwa papo studioni. Piano ya Richard Sohl haiongozi. Inafuata pumzi ya msemaji. Shabiki wa kundi la kwanza husikia hapa kilele cha kazi yote. Shabiki wa kundi la pili husubiri ngoma, ngoma haiji, naye husema kuwa wimbo haujaanza. Wote wawili wameeleza kwa usahihi walichokisikia.

Radio Ethiopia ya mwaka 1976 iligeuza mambo. Utungo uliobeba jina la albamu ni kelele za magitaa za takriban dakika kumi ambamo maneno humezwa kiasi cha kutosikika vyema. Jina lenyewe linahusiana na Arthur Rimbaud, mshairi Mfaransa aliyeacha ushairi na kwenda kufanya biashara Harar nchini Ethiopia. Wahakiki wengi wa wakati huo waliipokea albamu hiyo kwa ukali. Miongoni mwa mashabiki, wanaompenda kwa neno walilalamika kuwa neno limezikwa. Wapo waliojibu kwamba mshairi anayemkumbuka mshairi aliyenyamaza ana haki ya kulizika neno. Utetezi huu unastahili kuangaliwa: unaihalalisha kelele kwa hoja ya kishairi, wala si kwa hoja ya kimuziki.

Mwaka 1978 ulileta mgawanyiko wa aina nyingine. Wimbo "Because the Night", ambao Bruce Springsteen aliuacha bila kuukamilisha na Patti Smith akauandikia maneno, ulifika nafasi ya 13 katika orodha ya Billboard nchini Marekani. Waliokuwa wakitazamia wimbo wa roki waliupata, tena uliokamilika. Baadhi ya mashabiki wa mwanzo waliona kuwa mshairi wao ameuzwa sokoni. Malalamiko ya namna hiyo yalirudi mwaka 1988 ilipotoka Dream of Life, iliyotungwa pamoja na mumewe, Fred "Sonic" Smith, baada ya ukimya wa miaka tisa. Walioisubiri hasira ya miaka ya sabini walikutana na sauti iliyotulia ya mama na mke.

Fred Smith alifariki mwezi Novemba 1994, na ndugu yake Patti, Todd, akafariki mwezi uliofuata. Gone Again ya mwaka 1996 ni albamu ya maombolezo. Hapa kundi la tatu lilipata kazi yake, na matarajio ya makundi mengine mawili yalilegea kwa muda, maana si rahisi kumlaumu mfiwa kwa kukosa mdundo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa tarehe 10 Desemba 2016 mjini Stockholm. Katika sherehe ya Tuzo ya Nobeli aliyopewa Bob Dylan, Patti Smith aliimba wimbo wa mtunuzwa huyo, akasahau maneno, akasimama, akaomba radhi kwa kuwa ameingiwa na woga, kisha akaendelea. Kwa kipimo cha uimbaji, hilo ni kosa. Kwa kipimo cha ushahidi, wengi waliliona kuwa tukio la kweli kuliko yote ya siku ile. Kusita kwa sekunde chache kulihesabiwa hasara katika daftari moja na faida katika jingine.

4.0 Kuimba, Kughani na Kusema

Taaluma ya ushairi wa Kiswahili ina msamiati unaoweza kuufafanua mvutano huu. Kati ya kusema na kuimba ipo kazi ya tatu, kughani, ambayo si maongezi wala si wimbo kamili. Mghani huongozwa na pumzi na mantiki ya kauli. Ala ikiwapo humfuata. Sehemu kubwa ya Horses yaweza kuelezwa kuwa ni mghano unaoelekea kwenye wimbo: fanani huanza kwa kusema, hupandisha kiimbo, huingia katika kughani, na hatimaye huangukia kiitikio cha wimbo wa zamani ambao hadhira inaujua. Ndivyo ilivyo katika "Gloria", ambamo shairi lake mwenyewe linaungana na wimbo wa Van Morrison. Anayemlaumu kuwa haimbi vizuri mara nyingi anazipima kwa kipimo cha kuimba sehemu ambazo hazikukusudiwa kuimbwa.

Inafaa kukumbuka kwamba mjadala wa ushairi wa Kiswahili wa miaka ya 1960 na 1970 ulilikabili swali hilo kutoka upande wa pili. Wanamapokeo, wakifuata msimamo ulioelezwa na Kaluta Amri Abedi mwaka 1954, walishikilia kuwa shairi lisiloimbika si shairi. Euphrase Kezilahabi na diwani yake Kichomi (1974) walikuwa miongoni mwa waliolaumiwa kwa kigezo hicho. Huko swali lilikuwa kama kisichoimbika chaweza kuwa shairi. Kwa mashabiki wa Patti Smith, swali ni kama shairi laweza kuwa muziki pasipo kuimbwa kikamilifu.

5.0 Mpaka wa Hoja: Neno Moja

Ingekuwa makosa kudai kwamba kila tofauti ya mashabiki hawa hutatuliwa kwa kutaja utanzu. Albamu Easter ya mwaka 1978 ina wimbo uliobeba, katika jina na kiitikio chake, neno la Kiingereza linalotumiwa kuwadhalilisha watu Weusi. Kusudi la mtunzi lilikuwa kulipa neno hilo maana mpya, yaani msanii aliyetengwa na jamii, na chini yake aliwaweka pamoja Jimi Hendrix, Yesu na mchoraji Jackson Pollock. Wapo mashabiki wanaoutetea wimbo huo kama tendo la kishairi, na wapo wanaompenda msanii lakini hawawezi kuusikiliza.

Katika mzozo huu pande zote mbili zinakubali kuwa Patti Smith ni mshairi. Swali linalobaki ni la kisemantiki: je, mtunzi ana mamlaka ya kubadili maana ya neno kwa kutangaza kuwa limebadilika? Maana ya neno la matusi hutokana na historia ya matumizi yake, na historia hiyo ni mali ya jamii ya wazungumzaji, hususan wale waliotukanwa kwalo. Katika orodha iliyotajwa, Hendrix peke yake ndiye ambaye neno hilo lingeweza kumwangukia bila ridhaa yake. Pollock amepewa kama sitiari. Sitiari hiyo inaazima maumivu ambayo mwazimaji hakuyabeba. Kwa mtazamo wa kiisimu, basi, mashabiki wanaoukataa wimbo huu wana hoja nzito zaidi, na kukataa kwao hakuwezi kuwekwa kando kwa kusema kuwa hawaelewi ushairi. Wanaelewa, na ndiyo maana wanakataa.

6.0 Hitimisho

Mwaka 2025 Horses ilitimiza miaka 50, na mtunzi wake, akikaribia umri wa miaka 79, aliizungusha tena jukwaani. Kazi iliyoishi kwa muda huo imebebwa na mabishano yake sambamba na sifa zake. Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba mabishano hayo yana mpangilio: mengi hutokana na kuipima kazi moja kwa vipimo vya tanzu mbalimbali, na machache, yaliyo mazito zaidi, hutokana na swali la nani mwenye mamlaka juu ya maana. Mhakiki hana budi kutenganisha aina hizi mbili. Ya kwanza yanahitaji tu kila upande uambiwe unasikiliza nini. Ya pili hayamalizwi kwa maelezo. Yanadai uamuzi, na uamuzi huo hadhira inayo haki ya kuutoa hata dhidi ya fanani inayempenda.