Somo la Ardhi: Hati ya Nyumba Ina Mwisho Wake

Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu aliniuliza darasani, "Mwalimu, ikiwa baba amekwisha kununua kiwanja na kujenga, mbona hati yake imeandikwa miaka 33? Je, miaka hiyo ikiisha, nyumba yaenda wapi?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali hilo hilo lilikwisha kutufikia nyumbani kwetu, hapa hapa Tabora, wala halikuwa la mzaha. Basi nimeona nilijibu katika gazeti letu, ili wazazi nao wapate kulisoma.

Kwanza yatupasa kujua ardhi ni ya nani. Kukaa juu ya ardhi kwa idhini ya mwingine si jambo geni katika mji huu. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa pwani waliokuja na misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji walijenga matembe yao Tabora na Kwihara, lakini nchi ilikuwa ya mtemi wa Unyanyembe. Mtemi Fundikira alipofariki, Mnywa Sere aliyemrithi akawatoza kodi ya bidhaa zao. Wakakataa, wakamwondoa kwa silaha, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Vita ile haikutulia upesi. Mnywa Sere aliuawa mwaka 1865. Twaona kwamba swali la nani mwenye nchi, na mgeni alipe nini ili akae, lilikwisha kumwaga damu hapa kabla reli haijafika mwaka 1912.

Wajerumani wakaja, na kwa amri ya mwaka 1895 wakatangaza kuwa ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola yao. Baadhi yake waliwauzia walowezi iwe yao milele. Waingereza nao, kwa sheria ya mwaka 1923, waliweka ardhi yote chini ya mamlaka ya Gavana, naye akawa anatoa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Baada ya Uhuru, Serikali iliona si haki mtu mmoja awe na ardhi ya milele na mwenzake awe na ya muda. Mwaka 1963 zile hati za milele zikageuzwa kuwa za kukodi kwa Serikali kwa miaka 99, na mwaka 1969 zikageuzwa tena kuwa hakimiliki kama za watu wengine. Leo tunafuata Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Namba 4. Ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi.

Kwa hiyo anayepewa hati mjini hapewi ardhi yenyewe. Apewa haki ya kuimiliki kwa muda uliotajwa, na masharti yake: alipe kodi ya ardhi kila mwaka, ajenge kama ilivyoagizwa, asibadili matumizi bila kibali. Muda wenyewe aghalabu ni miaka 33, 66 au 99, nao hauwezi kuzidi 99. Wengine hujifariji wakisema, "Kiwanja ni cha Serikali, lakini nyumba ni yangu." Maneno haya yana hatari. Sheria yahesabu jengo lililoshikamana na ardhi kuwa sehemu ya ardhi. Hakimiliki ikikoma, huwezi kubeba kuta zako kichwani ukaondoka nazo.

(Wanafunzi wanaotoka vijijini Uyui, Sikonge au Urambo wasiwe na hofu kwa shamba la babu. Ardhi ya kijiji ina sheria yake, Namba 5 ya mwaka ule ule wa 1999, na hakimiliki ya kimila ya mwanakijiji yaweza kuwa haina mwisho. Hapa twanena habari za viwanja vilivyopimwa mjini.)

Sasa nieleze yaliyotupata sisi. Marehemu baba alipata hati ya miaka 33 iliyoanza tarehe 1 Aprili 1989. Aliifunga katika nailoni na kuiweka sandukuni chini ya shuka zake, na sote tuliiheshimu mno hata hakuna aliyeisoma. Baba alifariki. Mwaka 2023 dada yangu alitaka mkopo ili apanue biashara yake ya asali, nasi ndugu tukakubali kwa moyo mmoja kwamba nyumba iwe dhamana. Akaenda benki na hati mkononi. Karani aliisoma, akamrudishia kwa upole, akasema, "Dada, hati hii ilikwisha tangu mwaka jana, tarehe 31 Machi." Nyumba ilikuwa pale pale na mwembe wake, na mama alikuwa anapika uani, lakini katika karatasi tulikuwa tumekaa zaidi ya mwaka pasipo haki iliyoandikwa.

Hatukufukuzwa. Sheria yasema kwamba muda ukiisha, na mwenye hati alikuwa ametimiza masharti, yeye ndiye afikiriwe kwanza kabla ardhi haijatolewa kwa mtu mwingine. Lakini angalieni neno lile "ametimiza". Sisi tulikuwa na deni la kodi ya ardhi la miaka mingi. Tulidhani tunalipa, kwa kuwa tangu mwaka 2021 pesa hukatwa tununuapo umeme wa LUKU. Kumbe ile ni kodi ya jengo. Kodi ya ardhi ni nyingine, na hailipwi kwa LUKU. Kosa hili nimelikuta katika nyumba nyingi, hata za walimu wenzangu.

Tena kulikuwa na kizuizi kingine kikubwa kuliko deni. Hati ilikuwa kwa jina la baba, na maiti hawezi kuomba kitu. Ilitubidi tukae kikao cha ukoo, tumpendekeze msimamizi wa mirathi, twende Mahakama ya Mwanzo akathibitishwe, kisha jina lake liandikishwe kwa Msajili wa Hati. Kaka yetu mmoja alikuwa mbali, mwingine alikuwa hasemi na dada. Ombi lenyewe la kuhuisha hati lilikuwa jambo jepesi: barua kwa Kamishna wa Ardhi kupitia ofisi ya ardhi, hati ya zamani, stakabadhi za kodi, ramani ya kiwanja, vitambulisho na ada. Kilichotuchukua miezi kumi na minne ni sisi wenyewe. Mwishowe tulipata hati mpya. Mkopo wa dada ulikuwa umekwisha kupita, na mizinga yake aliinunua kidogo kidogo.

Huenda mtu akauliza habari za wanaonunua nyumba za ghorofani, kama zinavyojengwa sasa katika miji mikubwa. Sheria ya mwaka 2008 imeruhusu mtu awe na hati ya sehemu yake tu ya jengo, ingawa ngazi na ua ni vya wote. Lakini jengo zima limesimama juu ya hakimiliki moja ya kiwanja. Anunuaye orofa ya tatu na aulize muda uliobaki chini, kwenye ardhi. Huko Uingereza watu wengi wa maghorofa hukaa hivyo hivyo kwa muda, tofauti ni kwamba mwenye ardhi ni mtu au kampuni. Sheria yao ya mwaka 1993 iliwapa haki ya kudai miaka 90 zaidi kwa malipo, nayo malipo hayo yaliongezeka sana muda uliobaki uliposhuka chini ya miaka 80. Mwaka 2024 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuifanya miaka hiyo 990. Kwetu hatumlipi bwana mwenye shamba. Lakini hata kwetu muda mfupi una gharama, kwa kuwa benki na wanunuzi husita mbele ya hati iliyobakiza miaka michache.

Zoezi. Hati ya miaka 33 iliyoanza tarehe 1 Oktoba 1996 yaisha siku gani? Ya miaka 99 iliyoanza tarehe 1 Julai 1963 je? Likizoni, kila anayeishi mjini amwombe mzazi wake ruhusa, wafungue sanduku pamoja, na aandike mambo matatu: jina lililo katika hati, tarehe ya mwisho, na mwaka wa stakabadhi ya mwisho ya kodi ya ardhi. Majibu ya hesabu nitayasahihisha darasani. Hayo matatu ya sandukuni yabaki nyumbani.