Maji ya Moto Yasitiwe Katika Kichujio cha Resini

Kaya nyingi za mikoa ya Shinyanga na Geita hutegemea visima, na baadhi ya visima vya Shinyanga vina floraidi kupita kiasi. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, yaliyobaki hukolea zaidi. Kwa sababu hiyo baadhi ya walaji hununua vichujio vyenye resini, yaani punje ndogo za plastiki zinazonasa chumvi zilizoyeyuka. Hapa tunaeleza kosa moja linaloweza kubatilisha gharama hiyo: kumimina maji yaliyotoka motoni.

Kwa nini joto hudhuru

Resini zenye ubesi hafifu hushika asidi na chumvi kwa nguvu ndogo. Maji yakiwa ya kawaida, mshiko huo hutosha. Yakiwa ya moto, hulegea, na kilichonaswa huweza kurudi majini. Katika miaka ya 1960 watafiti wa shirika la CSIRO, Australia, waliitumia tabia hiyo katika njia iitwayo Sirotherm: resini hafifu zilinasa chumvi, kisha zikasafishwa kwa maji ya nyuzijoto 80 hivi. Kiwandani maji hayo hutengwa na kumwagwa. Nyumbani huingia kikombeni.

Mlaji afanye nini

1. Chuja kwanza maji yakiwa ya kawaida, kisha chemsha ya kunywa. Ukiwa umeshachemsha, yafunike yapoe kabisa kabla ya kuchuja.
2. Soma kikomo cha joto kabla ya kulipa. Kisipoandikwa, dai maelezo ya maandishi.
3. Uliza kichujio huondoa nini hasa. "Huondoa sumu zote" si jibu.
4. Peleka maji maabara yapimwe kabla na baada ya kuchujwa. Floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita.
5. Usiweke kichujio juani.
6. Maji ya karibu na mialo ya kuchenjulia dhahabu kwa zebaki yasinywewe kwa kutegemea kichujio cha nyumbani. Tafuta chanzo kingine.
7. Tunza risiti, ndiyo ushahidi wako unapolalamika.

Floraidi haionekani kwa jicho, wala ulimi hauitambui. Meno ya mtoto yakiathirika yangali yanakua, madoa yake hayaondoki kwa mswaki. Tusingoje meno yatupe majibu ambayo maabara ingeyatoa mapema.