Picha Isiyo na Jina: Somo kwa Anayezuru Makavazi ya Kapenguria

Katika nyumba nyingi za Kapsoya kuna picha ambayo hakuna anayejua tena wote waliomo. Hukaa chini ya sanduku la vyeti, pamoja na kadi za kliniki na hati ya shamba. Mtoto huiokota na kuuliza, "Kogo, hawa ni kina nani?" Kogo huisogeza karibu na dirisha, huitazama kwa muda, kisha husema yule wa kushoto ni marehemu kaka yake. Wale wengine wawili, majina yamempotea.

Makavazi hukumbwa na tatizo hilo hilo, ila kwa ukubwa zaidi. Ndiyo maana kuzuru makavazi yenye picha za kihistoria ni somo linaloweza kumfaa mkaazi hata akirudi nyumbani. Na si lazima kusafiri hadi Nairobi. Kutoka Eldoret, matatu za Kitale hupitia Soy na Moi's Bridge, mwendo wa takriban kilomita 70. Kitale kwenyewe kuna makavazi yaliyotokana na mkusanyiko wa mlowezi Hugh Stoneham, ulioanzishwa mwaka wa 1926 na ambao una wadudu na ndege wengi. Yanafaa watoto. Lakini kwa anayetaka kujifunza kusoma picha, safari iendelee hadi Makutano, kisha Kapenguria, Pokot Magharibi.

Makavazi ya Kapenguria yalifunguliwa mwaka wa 1993 katika gereza walimozuiliwa Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng' Oneko. Walikamatwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari. Kesi yao ilianza kusikizwa tarehe 3 Desemba mwaka huo, na tarehe 8 Aprili 1953 hakimu Ransley Thacker akawahukumu kifungo cha miaka saba na kazi ngumu.

Mgeni ajiulize kwanza kwa nini ilikuwa Kapenguria. Hapakuwa na reli wala mahakama ya kutosha kesi kama hiyo, hata ikabidi darasa la shule litumike. Eneo lenyewe lilikuwa limefungwa, na mtu wa nje hakuingia bila kibali. Mawakili wa utetezi, wakiongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza, walilala Kitale na kusafiri kwenda na kurudi. Serikali ilichagua mahali ambapo macho ya watu hayangefika kwa urahisi. Waandishi wa habari walifika hata hivyo, na kamera zao pia. Bila hizo, leo tungebaki na maandishi ya mahakama tu.

Humo ndani kuna seli, vitabu na nyaraka za kupigania uhuru, pamoja na picha na vifaa vya jamii za Kenya, Wapokot wakiwemo. Wageni wengi hupita haraka. Husimama mbele ya sura wanayoijua, hupiga picha kwa simu, huondoka. Ni afadhali kuchagua picha tatu tu na kukaa na kila moja dakika tano.

Macho yaanze pembeni. Katikati ya picha ndipo mpiga picha alipotaka tutazame. Pembeni ni mambo yaliyoingia bila kualikwa, kama vile viatu, ua wa seng'enge, gari, au mtoto aliyechungulia. Picha za kesi ya Kapenguria zinazojulikana sana zinawaonyesha washtakiwa wakiwa chini ya ulinzi. Sita hao tunawajua kwa majina. Na askari anayewalinda je? Naye ni Mwafrika, ni babu ya mtu, na huenda wajukuu wake wanaishi papa hapa Bonde la Ufa bila kujua kwamba sura yake imetazamwa na maelfu ya watu. Hakuna aliyeona haja ya kumuuliza jina.

Hapo mgeni asome maelezo yaliyo chini ya picha, kisha atafute kile ambacho hayasemi. Katika picha nyingi za enzi ya ukoloni, Mzungu huandikwa jina, cheo na wakati mwingine hata jina la farasi wake. Mwafrika aliyesimama kando huandikwa "shujaa wa Kinandi" au "mwanamke wa Kipokot", basi. Aliyeshika kamera aliona kabila, hakumwona mtu. Si kosa la makavazi ya leo, maana wahifadhi hawawezi kubuni jina ambalo halikuandikwa. Lakini mzazi aliye na mtoto amwonyeshe pengo hilo na amuulize: huyu angeitwa nani nyumbani kwao? Je, aliombwa ruhusa? Alilipwa? Aliiona picha hii maishani mwake?

Kamera ilipoingia mikononi mwa wapiga picha wa Kenya, mambo yalianza kubadilika. Priya Ramrakha, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1935 katika familia ya wachapishaji wa gazeti, alipiga picha za miaka ya kupigania uhuru, kisha akafanyia kazi majarida ya Marekani ya Time na Life. Aliuawa Oktoba 1968 akiripoti vita vya Biafra, Nigeria. Kazi yake ikasahaulika. Miongo kadhaa baadaye jamaa yake alizikuta picha na filamu zake katika gereji jijini Nairobi, na kitabu chake kikatoka mwaka wa 2018. Sehemu ya historia ya taifa ilikuwa imekaa gerejini muda wote huo! Mvua ingeingia, au mtu mwenye haraka ya kusafisha angefika kwanza, isingebaki.

Wakaazi wa Uasin Gishu hawahitaji kuelezwa sana jambo hilo. Nyumba zilipochomwa mwanzoni mwa 2008, pamoja na mabati na magodoro ziliteketea picha za harusi, za ubatizo, na za wazee waliokwisha kufa. Mabati yalinunuliwa mengine. Baadaye Boniface Mwangi, aliyekuwa mpiga picha wa magazeti, alizungusha picha za ghasia zile katika miji mbalimbali kupitia maonyesho ya Picha Mtaani. Zilitundikwa barabarani, ambapo muuza mitumba na mwendesha boda boda wangeziona bila kulipa kiingilio. Kuna waliosema picha hizo zinafukua vidonda. Hoja hiyo haifai kupuuzwa, kwani aliyeungua hatazami moto kama mpita njia. Lakini ghasia ambazo hakuna aliyeziona ni rahisi kukanushwa.

Familia zilizopoteza picha zote zaweza bado kupata baadhi. Nakala zimo kwa jamaa waliohamia mbali, kwenye albamu za shule na za kanisa, na kwa waliokuwa wasimamizi wa harusi. Zikipatikana, zipigwe nakala kwa simu mchana, kivulini, bila flashi, na zihifadhiwe mahali zaidi ya pamoja.

Zile zilizopo zitunzwe. Jua hufifisha rangi, na unyevu hualika ukungu, kwa hivyo picha isitundikwe mkabala na dirisha wala kufichwa chini ya kitanda penye sakafu ya baridi. Zishikwe kwa ncha, maana mafuta ya vidole huacha alama. Albamu zenye kurasa za gundi huzila picha polepole, na picha iliyolaminetiwa haiwezi tena kuondolewa salama kwenye plastiki yake. Bahasha safi ya karatasi ndani ya mkebe mkavu inatosha. Filamu za zamani zisitupwe hata kama hakuna tena studio ya kuzisafisha mtaani.

Nyuma ya kila picha yaandikwe majina kuanzia kushoto, mahali na mwaka. Itumike penseli laini, kwa mkono mwepesi. Wino wa kalamu hupenya hadi upande wa pili. Mwaka usipojulikana, iandikwe "kabla ya Chebet kuzaliwa" au "mwaka wa ile njaa". Wanahistoria wameshawahi kufanya kazi na kidogo kuliko hicho.

Anayepanga kwenda Kapenguria aulize kwanza kiingilio na saa za kufungua. Malipo ya taasisi za serikali siku hizi hupitia eCitizen. Aulize pia langoni kama kupiga picha kunaruhusiwa. Na kama kuna mzee nyumbani anayeweza kuivumilia safari, aende naye, akiwa na bahasha ya picha za nyumbani mkobani. Kutoka Kitale hadi Eldoret ni zaidi ya saa moja ndani ya matatu, muda wa kutosha kuuliza walio ndani ya picha kumi au kumi na mbili ni kina nani, na kuandika.